Ndege wa Bahari na Msamiati wa Mtoto wa Bara

Mwalimu aingiapo darasani na hadithi ya ndege wa bahari, aghalabu huanza kwa kuandika ubaoni orodha ya maneno mapya, na kando ya kila neno maana yake. Shakwe: ndege wa baharini. Mnandi: ndege wa baharini. Watoto hunakili, kisha hadithi husomwa. Nimelishuhudia jambo hili mara nyingi nilipowakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, na kila mara nimejiuliza: mtoto wa Nyeri ambaye hajapata kuiona bahari amepewa nini? Amepewa majina mawili ya kitu kimoja asichokijua.

Kosa si la hadithi, bali ni la kudhani kuwa maneno yote yana uzito mmoja. Majina ya ndege, kwa maoni yangu, ni ya kutambuliwa tu, na picha moja yatosha. Yanayostahili kufundishwa kwa kina ni yale yatakayomfaa mtoto baada ya hadithi kwisha, na mengi ya hayo ni vitenzi. Tuchukue kuatamia. Hadithi isemapo kwamba shakwe aliatamia mayai yake mwambani, mtoto wa bara hahitaji bahari ili aelewe, kwani kuku wa nyumbani kwao hufanya vivyo hivyo. Basi mwalimu na aanzie kwa kuku. Hapo tofauti ya kifaranga na kinda hujitokeza yenyewe, na kuangua hufuata bila taabu.

Kupwa ni neno tajiri zaidi. Maji hupwa, maji hujaa. Na ndani ya kitenzi hiki kifupi mna asili ya neno pwani, yaani mahali maji yanapopwa. Mtoto amekwisha kulisoma neno hilo katika jiografia akalidhani kuwa jina tupu la sehemu ya nchi. Sasa analiona lilikotoka. Lakini asiulizwe, "Kupwa maana yake nini?" Swali hilo huzaa majibu ya kukariri. Aulizwe: "Kwa nini shakwe alingoja maji yapwe ndipo ashuke kwenye miamba?" Hawezi kulijibu pasipo kuiona bahari ikirudi nyuma na kuwaacha kaa na samaki wadogo vidimbwini, wala hawezi kulijibu bila ya kulitumia neno lenyewe. Zama na zamia hutosha kuonyeshwa kwa beseni la maji na jiwe.

Lipo jambo jingine ambalo orodha ya ubaoni hulificha. Katika darasa moja, mwalimu alipotamka mwari, watoto waliangua kicheko, maana kwa Kikuyu neno lenye sauti kama hiyo ni binti. Mwalimu alikasirika, akawanyamazisha, akaendelea na neno lililofuata. Mimi niliyeketi nyuma nilisikitika, kwa kuwa kicheko kile kilikuwa ushahidi kwamba watoto walikuwa wakilipima neno geni kwa lugha yao wenyewe. Tena kilimpa mwalimu fursa ya kuonyesha kwamba kuangua si kwa mayai pekee. Kengele ilipolia, mvulana mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba ndege wa namna ile, mwenye mfuko chini ya mdomo, aliwahi kumwona Ziwa Nakuru. Naye alikuwa akisema kweli.