Fahamu: Windows 10 imefikia ukomo, kompyuta yako ya zamani uifanyeje?

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imeacha kutoa bure masasisho ya usalama ya Windows 10, iliyozinduliwa Julai 2015. Kwa mwenye steshenari Misungwi anayewajazia wateja fomu za ajira au mikopo ya elimu ya juu, hili si jambo la mbali.

Je, kompyuta itazima?
Hapana. Itawaka na kuchapa kama kawaida. Ila mianya mipya ikigundulika haizibwi, na wadukuzi huitafuta hiyo hiyo. Flashi na nywila za wateja nazo zinakuwa hatarini.

Ufanye nini?
Kwanza, angalia kama inakubali Windows 11. Kuhamia ni bure. Inahitaji RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha ya zinazokubalika. Kuongeza RAM au kuweka SSD huipa kasi, lakini hakubadilishi hilo.

Pili, yapo masasisho ya ziada ya muda. Biashara hulipia dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza.

Tatu, badala ya Windows weka mfumo endeshi wa Linux Mint au Ubuntu, yote ni bure. Hifadhi mafaili kwanza na ujaribu printa yako.

Ukiamua kwenda Mwanza kununua ya mtumba, uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei.