Utumbo Unaoonja

Mimi huuza matumbo hapa Dagoretti Market, karibu na machinjio. Nikipindua utumbo wa mbuzi chini ya mfereji, upande wa ndani huwa na utelezi, na mara nyingine minyoo. Wateja hugeuza uso. Mimi huangalia.

Tabaka linalogusana na chakula ni safu moja tu ya seli. Kati ya hizo zimetawanyika seli chache zenye kishungi kichwani, na hizo zina vifaa vya kuonja vya aina ile ile iliyo kwenye ulimi. Mwaka wa 2016 watafiti walionyesha kwamba kwa panya, seli hizo hutambua minyoo ikiingia, kisha hutoa kemikali ya kuamsha kinga. Ute na seli za kishungi huongezeka, na mnyoo husukumwa nje. Kumbe utelezi ninaousugua kwa hasira ni silaha!

Seli za tabaka hilo kwa jumla huhisi pia msongamano. Kwenye ngozi ya seli kuna mlango wa protini uitwao Piezo1, uliotambuliwa mwaka wa 2010 na kundi la Ardem Patapoutian, mshindi mwenza wa Tuzo ya Nobel ya 2021. Tabaka likivutwa, mlango hufunguka, kalsiamu huingia, na seli hugawanyika kujaza nafasi. Zikibanana mno, baadhi hutupwa nje zingali hai, kama abiria wa mlangoni katika matatu ya Kawangware jioni. Kwa binadamu, tabaka la utumbo hujiumba upya kila baada ya siku chache.