Wasimamizi wa wanaojitolea nao wastahili shukrani

Kila mwaka ifikapo tarehe 5 Desemba, ulimwengu huadhimisha siku ya watu wa kujitolea. Siku hiyo iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mnamo 1985, na hapa kwetu huandamana na hotuba, fulana na vyeti. Hilo ni jambo jema. Anayetoa jasho lake bila ujira astahili kusifiwa hadharani, maana wahenga walikwisha kunena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, yupo mtu mmoja ambaye sherehe hizo humpita kama upepo. Huyo ndiye anayewatafuta hao wanaojitolea, akawapangia zamu, akawafunza, akawapatanisha wanapogombana na akawatuliza wanapokata tamaa. Wakati wengine wanapokea vyeti jukwaani, yeye huwa nyuma akihesabu viti.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, sina budi kuanzia kwenye maneno. Kitenzi "kujitolea" kimeundwa kwa ustadi mkubwa. Chanzo chake ni "toa". Kikapata mnyambuliko wa kutendea kikawa "tolea". Kisha kikatanguliziwa "ji", kiambishi kinachomrudishia mtendaji tendo lake. Maana yake ni kuitoa nafsi yako kwa ajili ya jambo au mtu. Ndani ya neno hilo mtoaji na kinachotolewa ni mtu yule yule, wala hakuna mlango wa kumwingiza mwingine. Yamkini ndiyo sababu tukitaja kazi ya kujitolea twamwona mtu mmoja mwenye moyo safi, tusimwone aliyemwonyesha moyo huo pa kuelekea. Tukitafuta jina la huyo wa pili twapata taabu. "Nyapara" ni neno linalonuka mashamba ya walowezi na kazi za kushurutishwa. "Meneja" twamfikiria akiwa na daftari la mishahara mkononi. "Mratibu" ni neno la ofisini. Na kitu kisicho na jina lake hasa si rahisi kutengewa fungu katika bajeti.

Si kwamba wazee wetu hawakuijua kazi hiyo. Palipokuwa na msaragambo, alikuwapo aliyeipiga mbiu, aliyejua ni nani mgonjwa na ni nani amefiwa, aliyegawa majembe na kuhakikisha kwamba uji umefika kabla jua halijawa kali. Hata harambee zilizotujengea shule na zahanati baada ya uhuru wa 1963 hazikujiendesha. Nyuma ya kila jengo palikuwa na kamati, na ndani ya kila kamati mtu mmoja au wawili waliokesha. Historia imeyahifadhi majina ya wageni wa heshima walioweka mawe ya msingi. Majina ya hao waliokesha yamefutika.

Mfano ulio mbele ya macho yetu ni ule wa afya. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mkakati wa afya ya jamii mnamo 2006, iliuegemeza kwenye mabega ya watu wa kujitolea vijijini. Mnamo Septemba 2023 watu hao, wapatao 100,000, walipewa jina jipya, mikoba ya vifaa na simu, pamoja na ahadi ya posho ya Sh5,000 kwa mwezi, serikali kuu ikitoa nusu na kaunti nusu. Kila mmoja hutarajiwa kuzitembelea kaya zipatazo 100. Nchi nzima iliwaona wakipokea mikoba yao, na ilifaa waonwe.

Lakini ndugu msomaji, jiulize: ni nani anayemwonyesha mhudumu huyo jinsi ya kumpima mzee shinikizo la damu? Ni nani anayezipokea taarifa zake, akazisahihisha na kuzifikisha kwenye zahanati? Posho inapochelewa, kama ilivyolalamikiwa katika kaunti kadhaa, ni nani anayeketi mbele ya kundi lenye hasira akiwaomba wasiache kuwatembelea wajawazito? Ni afisa wa afya anayewasimamia. Ahadi hakuitoa yeye, lakini lawama humfikia yeye kwanza. Akichoka na kwenda zake, mkoba wa vifaa hubaki umening'inia ukutani na mama mjamzito hukosa wa kumbishia hodi.

Mambo kama hayo nimeyashuhudia katika darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, ambako baadhi ya wanafunzi wangu wa chuo hufundisha jioni bila malipo. Vijana hao huja wengi mno muhula unapoanza. Mitihani inapokaribia hupukutika mmoja mmoja kama majani ya kiangazi. Anayeliweka darasa hilo hai ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye daftari la zamu alilolichora kwa rula. Yeye hujua ni kijana yupi ana subira ya kufundisha herufi na yupi anafaa hesabu. Hujua pia kwamba baba wa makamo hapendi kusahihishwa mbele ya jirani yake. Huwapigia vijana simu kwa fedha zake mwenyewe. Wafadhili wa darasa hilo walipofanya sherehe, kila kijana alipewa cheti, na jina la mama huyo halikutajwa. Hakulalamika. Mimi ndimi ninayelalamika kwa niaba yake.

Najua zipo hoja mbili za kunipinga. Ya kwanza ni kwamba anayefanya kazi kwa moyo hahitaji msimamizi. Ukweli ni kinyume chake. Mwajiriwa akizembea, mkubwa wake aweza kumkata mshahara au kumwandikia barua. Anayejitolea hana mshahara wa kukatwa. Akiudhika leo, kesho haji. Anayemwongoza hana silaha ila ulimi wake, subira yake na heshima aliyojijengea. Ikiwa kuwaongoza wanaolipwa ni kazi inayosomewa vyuoni miaka minne, seuze kuwaongoza wasiolipwa!

Hoja ya pili ni kwamba msimamizi huwa analipwa, kwa hiyo shukrani yake i ndani ya mshahara. Wengi wao, kama yule mama wa daftari, hawalipwi hata senti. Na hao wanaolipwa, mara nyingi usimamizi huu hubandikwa juu ya kazi nyingine walizoajiriwa kufanya, bila saa zake wala fedha zake. Wapo pia wanaohofia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naona kwamba mgema huyu amekwea minazi miaka na miaka bila kusifiwa, na sasa tatizo letu ni kuwa aweza kuteremka asipande tena.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila shirika, kanisa, msikiti, shule au kaunti inayowategemea watu wa kujitolea imtaje kwa maandishi anayewasimamia, na ieleze kazi yake na mipaka yake. Pili, atengewe fedha za simu na nauli, kwani ni aibu mtu kulipia mwenyewe fursa ya kuwatumikia wengine. Tatu, afunzwe. Kuwapokea watu, kuwapatanisha, kutunza siri zao na kuwaaga kwa heshima wanapoondoka ni maarifa yanayofundishika, na vyuo vyetu vingeweza kuyafundisha. Nne, asipewe watu wengi kuliko anaowajua kwa majina. Tano, aulizwe maoni kabla ya ahadi kutolewa jukwaani, kwa kuwa yeye ndiye atakayeieleza ikivunjika.

Kuhusu shukrani, nafasi ipo tayari. Tangu 1999 imekuwapo siku ya kimataifa ya wasimamizi wa watu wa kujitolea, ambayo sasa huadhimishwa tarehe 5 Novemba, mwezi mmoja kamili kabla ya ile siku kubwa. Hapa kwetu wachache mno huijua. Haitugharimu kitu kumwita mtu huyo siku hiyo, kumtaja kwa jina mbele ya anaowaongoza, na kumuuliza ni mzigo upi kati ya aliyonayo twaweza kumtua.

Mabaharia wakisifiwa na nahodha akisahauliwa, chombo kitaendelea kwa muda kwa nguvu ya upepo tu. Upepo ukigeuka, abiria wataanza kuuliza ni nani aliyekuwa ameshika usukani. Heri tuulize mapema, angali yupo.