Unaomba fildi? Omba kwa barua, si kwa mwili

Huenda sasa hivi uko kidato cha tatu, pale Same mjini au kule juu Mbaga, na kichwani una jambo moja tu: mtihani. Lakini darasani hakosekani yule anayechora pembeni mwa daftari wakati mwalimu anafundisha. Kama ni wewe, siku moja unaweza kusomea ubunifu: wa majengo, wa mapambo ya ndani, wa samani au wa mavazi. Na huko chuoni utakutana na mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wenyewe wanasema "kwenda fildi".

Fildi ni hivi: unatoka darasani, mara nyingi kwa wiki nane hivi, unakwenda kufanya kazi kwenye ofisi au karakana chini ya msimamizi. Kila siku unaandika ulichofanya kwenye logi buku, na mwisho unapewa alama. Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1906 Herman Schneider alilianzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, baada ya kuona kwamba mambo mengi ya ufundi hayafundishiki ubaoni. Wanafunzi wake wa uhandisi walikaa darasani na kiwandani kwa zamu, na kiwandani walilipwa. Siku hizi wanaosomea ubunifu nao wanakwenda.

Kwetu, tofauti kubwa ni mshiko. Fildi nyingi hazina mshahara. Nauli, chumba na chakula ni juu yako, au mzazi, au Bodi ya Mikopo kwa wale waliopangiwa fungu hilo. Waombaji ni wengi, nafasi chache, mfukoni hamna kitu. Mtu mwenye nia mbaya anajua hilo kuliko wewe. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuanza mapema, miezi mitatu au minne kabla. Anayehangaika wiki ya mwisho ndiye anayekubali lolote.

Barua yenyewe iweje?

Iwe ya ukurasa mmoja. Ambatanisha barua ya utambulisho kutoka chuoni, maana bila hiyo wengi hawakusikilizi. Sema mambo yako wazi, kwa mfano: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ubunifu wa ndani. Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane. Naweza kupima chumba, kuchora ramani kwa mkono na kwa kompyuta. Ningependa kujifunza jinsi ya kukadiria gharama za vifaa." Basi. Usijaze maneno ya kujisifu wala ya kulia shida. Ukiomba halmashauri ya wilaya, barua inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji, hata kama shida yako ni kukaa idara ya ujenzi. Tunza nakala, na ukipeleka kwa mkono omba wagonge muhuri kuonyesha imepokelewa.

Na usidhani fildi ni lazima iwe Dar es Salaam. Ukirudi Same unalala kwa baba na mama, unakula ugali wa nyumbani. Halmashauri ina majengo ya kuchorwa, mafundi seremala wapo, na wanaouza tangawizi ya Mamba Miamba wanahitaji vifungashio vinavyovutia. Uliza tu chuoni kama wanamkubali msimamizi uliyempata.

Pamoja na barua, beba jalada la kazi zako. Hili unaweza kulianza leo. Nenda kwenye ndiva ya kijijini kwenu, lile bwawa ambalo wazee wa Kipare walilijenga ili maji yajikusanye usiku na asubuhi yafunguliwe kwa zamu mashambani. Pima urefu, upana na kina, fuata mfereji, chora. Hao wazee hawakwenda chuo cha ubunifu, lakini kazi yao inafundisha. Mchoro mmoja wa kitu ulichopima mwenyewe unasema zaidi ya picha kumi ulizonakili.

Akikwambia "tuonane jioni"

Sasa tuseme wazi. Wapo mabosi wanaotaka ngono ndipo watoe nafasi, au ndipo wasaini logi buku. Hiyo si "bahati", wala si mapenzi. Ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Wavulana pia hufanyiwa. Kosa ni la mwenye madaraka anayedai.

Ufanye nini? Maombi yaishie ofisini, saa za kazi. Ukiitwa gesti, usiende. Ujumbe wa simu usiufute, ni ushahidi. Mwambie mratibu wa fildi chuoni, piga TAKUKURU namba 113 bila malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama una umri chini ya miaka 18, namba ya simu kwa mtoto ni 116. Na kama umelazimishwa ngono, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Msichana aulize pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba.

Ukishapata nafasi, bado kuna afya ya kazini. Vumbi la mbao na harufu ya vanishi huumiza mapafu, mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Kandambili hazifai kwenye jengo linalojengwa. Kabla ya siku ya kwanza uliza kama utapewa buti, kofia ngumu, miwani na barakoa, au ujitafutie mwenyewe. Na wewe unayetaka kujaribu karakana mara tu baada ya kidato cha nne, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumpa kazi ya hatari aliye chini ya miaka 18. Unaweza kupima, kuchora na kupiga msasa kwa mkono ukiwa na barakoa. Msumeno wa umeme mwachie fundi.