San Antonio: namna chuo kikuu kilianzisha ekipe ya mupira wa Kiamerika, na nani alilipa

Jamaa nyingi za Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika wako na watu wao Marekani siku hizi. Kwa miaka kadhaa Kongo ndiyo ilikuwa ya kwanza kati ya inchi ambako wanatoka wakimbizi wanaopokelewa kule, na jimbo la Texas lilikuwa moja ya yale yaliyopokea wengi. Mwezi wa sita 2019, muji wa San Antonio ulishangaa kuona mamia ya Wakongomani na Waangola wanafika kwa siku chache tu, kisha kupita mupaka wa Mexico. Wakubwa wa muji waliomba haraka watu wa kujitolea wenye kusema Kifaransa. Kwa hiyo San Antonio si jina geni tena katika simu zetu za WhatsApp.

Na mutoto akiingia masomo ya kule, haikawie: ataanza kusimulia mupira moja ambao wazazi hawaelewi. Mupira wenye sura ya yai, vijana wanavaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, mechi inaisha kisha saa tatu na zaidi, muji muzima unavaa rangi moja. Tuchukue ekipe moja ya muji huo huo wa San Antonio, ile ya Chuo Kikuu cha Texas kule San Antonio (kwa kifupi UTSA), tuone ilizaliwa namna gani. Ni ekipe ya juzi: mechi yake ya kwanza ilichezwa mwaka 2011.

Kwanza muchezo wenyewe, kwa kifupi. Kila upande wako watu 11. Ekipe yenye mupira inapewa mara nne kusogeza mupira karibu metre 9 mbele. Ikifaulu, inapewa tena mara nne. Ikishindwa, inaachia wengine. Kufikisha mupira kwenye eneo la mwisho la adui ni pointi 6, na kuupiga kwa muguu kati ya milingoti ni pointi 3. Ndiyo maana utasikia matokeo sawa 31 kwa 3, na hakuna anayeshangaa. Kinachobakia ni mbinu, na mbinu za muchezo huu ni nyingi kuliko mutu anavyofikiri akitazama mara ya kwanza.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba kule, chuo kikuu kiko karibu sawa na klabu. Kwetu ekipe mupya inaanzia Entente ya muji, inashinda, inapanda kwenye ligi ya jimbo, na ikiwa na nguvu na franga inafika Linafoot. Inapanda kwa miguu yake. Marekani haiko vile. Chuo hakipandishwe juu kimeshinda. Kinaamua chenyewe kupanda, kinatafuta franga, halafu kinangoja kundi la vyuo vingine likiite kwenye shampiona yao. Chuo kinaweza kushinda kila mechi na kubakia pale pale. Kingine kinaweza kupigwa mwaka muzima na mwaka unaofuata kiko divizio ya juu, juu kiko na stadi kubwa na muji mukubwa nyuma yake.

UTSA ilikuwa na hivyo viwili. San Antonio iko na watu zaidi ya 1,400,000, ni muji wa saba kwa ukubwa katika Marekani, lakini hauna ekipe kubwa ya mupira huu ya kulipwa. Uko na Spurs, na Spurs ni basketi. Muji ulijenga stadi ya kufunikwa, Alamodome, iliyofunguliwa mwaka 1993, ukitumainia kwamba siku moja ekipe kubwa ya kulipwa itakuja. Haikuja. Mwaka 2005 ekipe ya New Orleans ilicheza mechi tatu pale juu tufani Katrina ilikuwa imeharibu kwao, kisha ikarudi. Nyumba ya watu zaidi ya 60,000, bila mwenye nyumba.

Chuo chenyewe kilikuwa na tatizo lake. Kilianzishwa mwaka 1969, kikakua haraka mupaka kupata wanafunzi wapata 30,000, lakini wengi walikuwa watu wa kuja na gari asubuhi, kusoma, na kurudi nyumbani. Hakukuwa na kitu cha kuwabakiza siku ya posho. Mama Lynn Hickey, aliyekuwa mukubwa wa michezo pale, aliona kwamba mupira ndio ungeweza kufanya watu waseme "chuo chetu". Lakini mupira huu unakula franga: vijana mia moja hivi, makocha kumi na zaidi, vifaa, ndege, waganga. Franga ingetoka wapi?

Hapa ndipo habari inakuwa ya kweli kwa kila muzazi anayelipa minervali. Mwaka 2007 wanafunzi wenyewe walipiga kura kukubali muchango wao wa michezo uzidishwe mara mbili, hatua kwa hatua, mupaka kufika dola 240 kwa semesta. Fikiri vizuri: mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa pili ao wa tatu siku ile ya kura alijua kwamba atamaliza masomo mbele ya ekipe kucheza hata mechi moja. Alikubali muchango wa kitu ambacho hatakiona akiwa pale. Na aliyekuja nyuma yake, hata kama hapendi mupira, hata kama ni mutoto wa mukimbizi anayefanya kazi usiku ili alipe vitabu, muchango huo ulikuwa kwenye karatasi yake pia. Wengine wanasema ni sawa, juu jina la chuo likijulikana, diplome yako nayo inapata bei. Wengine wanasema ni kodi tu. Kwa maoni yetu kila upande uko na sehemu ya ukweli, lakini ni vizuri kukumbuka kwamba kelele ile yote ya stadi ilianza na mustari moja mudogo kwenye faktire ya mwanafunzi.

Mwisho wa 2008, baraza la wakubwa wa vyuo vya Texas lilitoa ruhusa. Mwezi wa tatu 2009 walimuchukua Larry Coker kuwa kocha wa kwanza. Na huyu hakuwa mutu wa kuokota njiani: alikuwa ameshinda shampiona ya inchi nzima na Chuo cha Miami katika musimu wa 2001, kisha akafukuzwa pale mwaka 2006. Kocha bingwa asiye na kazi, na chuo chenye kazi bila muchezaji hata moja. Walikutana vizuri. Jina la Coker ndilo lilifungua milango ya wazazi, juu muzazi wa Texas atamupa nani mutoto wake acheze kwenye ekipe isiyokuwa na maillot bado?

Vijana wa kwanza walitia sahihi mwaka 2010, na hawakucheza. Mwaka muzima ilikuwa mazoezi tu, wenyewe kwa wenyewe. Hii si uvivu, ni hesabu. Sheria ya vyuo inampa kijana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Kumuweka mwaka moja bila mechi hakumupotezee kitu: anakomaa, anazoea mbinu, na misimu yake minne bado iko. Kati yao alikuwa Eric Soza, kijana wa Beeville, muji mudogo upande wa kusini, ambaye ndiye angekuwa mwenye kuongoza mashambulio kwa miaka mitatu.

Halafu ikafika tarehe 3 mwezi wa tisa 2011. Chuo kilikodi Alamodome, zaidi ya kilomita 20 kutoka masomo. Adui alikuwa Northeastern State, chuo kidogo cha Oklahoma. Watu waliofika ni 56,743. Hakuna ekipe mupya ya chuo iliyokuwa imepata watu wengi vile kwenye mechi yake ya kwanza. Kwa kulinganisha, stadi ya TP Mazembe kule Kamalondo inabeba wapata 18,000. Ijaze mara tatu. UTSA ilishinda 31 kwa 3, na muji ulilala na furaha.

Furaha ilidumu wiki moja. Jumamosi iliyofuata alikuja McMurry, chuo kidogo cha Abilene, cha divizio ya tatu, ambako hakuna kijana anayepewa bursi juu ya michezo. McMurry akashinda 24 kwa 21, pale pale Alamodome. Mutu wa Goma ao Bukavu anaelewa hiyo hali bila kufasiriwa: ekipe ya kocha bingwa inapigwa na ekipe ya mutaa. Lakini ukiangalia vizuri, si ajabu. Vijana wa McMurry walikuwa watu wa miaka 21 na 22 waliocheza pamoja siku nyingi. Wa UTSA walikuwa watoto wa miaka 18 na 19, na mechi moja tu mwilini. Katika muchezo wa kugongana, miaka mitatu ya mwili ni kitu kikubwa kuliko jina la kocha.

Musimu ule uliisha na ushindi 4 na kushindwa 6. Walicheza bila shampiona, wakiokota maadui pale walipowapata, kwa kuwa vyuo vikubwa vinapanga mechi zao miaka mingi mbele. Lakini watu waliendelea kuja, zaidi ya 35,000 kwa mechi kwa wastani, na hilo ndilo lilifungua mulango. Mwaka 2012 UTSA iliingia divizio ya juu, katika shampiona ya Western Athletic Conference. Kupanda huko maana yake bursi kutoka 63 mupaka 85, na gharama zote zinafuata. Walianza na ushindi tano mufululizo, wakamaliza 8 kwa 4.

Kwa kawaida chuo chenye ushindi 8 kinaitwa kwenye moja ya mechi za mwisho wa mwaka, zile wanaita bowl, ambazo ndizo zawadi ya kila kijana. UTSA haikuitwa. Sheria ilisema chuo kinachopanda kingoje miaka miwili. Na zaidi, ile shampiona waliyoingia iliacha mupira mwisho wa musimu ule ule, kwa kuwa vyuo vingine vilikuwa vimeikimbia. Sawa mutu anayepanga nyumba, na kisha miezi sita wanaibomoa. Kwa bahati kundi lingine, Conference USA, lilikuwa limekwisha kuwaita, wakahamia kule 2013. Wakashinda 7, wakashindwa 5. Tena hawakuitwa.

Mwaka 2014 kifungo kiliisha, na wale vijana wa 2010 walikuwa sasa wazee wa ekipe. Kila mutu alisema: huu ndio mwaka. Mechi ya kwanza waliwapiga Houston 27 kwa 7, siku Houston anafungua stadi yake mupya, mbele ya watu wake. Kisha hapo, mambo yakaharibika. Soza alikuwa amemaliza mwaka uliotangulia, hakuna aliyeshika nafasi yake vizuri, na musimu ukaisha 4 kwa 8.

Mwaka 2015 ukawa mubaya zaidi, 3 kwa 9, na sababu yake iko katika namna ekipe ilizaliwa. Chuo cha zamani kiko na vijana wa kila umri: wanaotoka robo, wanaoingia robo. Ekipe inayoanza siku moja inachukua kizazi kizima kwa mara moja, wanakua pamoja, na wanaondoka pamoja. Ni sawa shamba ulilopanda migomba yote siku moja: utakula vizuri musimu moja, halafu utangoja. Coker aliacha kazi mwezi wa kwanza 2016. Hesabu yake kwa miaka mitano: ushindi 26, kushindwa 32. Wako watu waliosema alishindwa. Sisi tunaona mutu aliyeanza bila mupira hata moja, akaacha ekipe iliyo divizio ya juu, hakushindwa.

Na matunda yaliendelea kuonekana kisha kuondoka kwake. Mwaka ule ule 2016 David Morgan alikuwa muchezaji wa kwanza wa UTSA kuchaguliwa na ekipe ya kulipwa, Minnesota. Na mwisho wa mwaka, chini ya kocha mupya Frank Wilson, chuo kiliitwa kwa mara ya kwanza kwenye bowl, wakapoteza kwa pointi tatu, 23 kwa 20. Mwaka 2018 Marcus Davenport alichaguliwa wa 14 katika inchi nzima. Shampiona yenyewe ilingoja mupaka 2021, na Jeff Traylor, kocha aliyejulikana kwanza katika masomo ya sekondari ya Texas. Na bowl ya kwanza ya kushinda, mupaka mwezi wa kumi na mbili 2023, dhidi ya Marshall, 35 kwa 17. Miaka kumi na miwili tangu ile siku ya watu 56,743.

Si kila chuo kinavumilia hivyo. Kule Birmingham, jimbo la Alabama, chuo cha UAB kilitangaza mwisho wa 2014 kwamba kinafunga ekipe yake juu ya franga. Vijana walilia mbele ya kamera, wengine wakatafuta vyuo vingine haraka. Kisha watu wa muji walichangisha, uamuzi ukageuzwa katikati ya 2015, lakini ekipe haikurudi uwanjani mbele ya 2017.

Kwa jamaa ambao kijana wao anafuatwa na kocha kule, haya ndiyo ya kuuliza. Bursi kamili inalipa masomo, chumba na chakula, na kwa nyumba isiyo na kitu hilo ni jambo kubwa sana. Lakini uliza inadumu miaka mingapi, na itakuwaje akivunjika muguu. Uliza juu ya kichwa: mapigo ya kichwa katika muchezo huu yanaweza kuharibu ubongo polepole, na waganga wa kule wanasema hivyo waziwazi. Na kama ekipe ni mupya, uliza ni watu wangapi wa umri wake wako kwenye nafasi yake. Kwenye ekipe mupya kijana anacheza mapema, hiyo ndiyo faida. Atapigwa mapema pia.

Na kama mutoto hacheze, anasoma tu, mwambie asome faktire ya semesta mustari kwa mustari mbele ya kulipa. Muchango wa michezo uko pale, na mara nyingi mwanafunzi anayeulipa anaweza kuingia mechi za nyumbani bila kununua tiketi. Wengi hawajui hilo, wanabakia chumbani siku ya posho na tiketi wameshailipa.