KIWANDA CHA UMEME NDANI YA MWILI



Ku Mwadingusha hakuna mutu asiyejua kazi ya waya. Tangu mwaka wa 1930 maporomoko ya muto Lufira yalianza kutupatia umeme wa Likasi na wa migodi. Mwaka wa 2021 mashine zake 6 zilimaliza kutengenezwa upya, za megawati 78. Basi kila mutu anabeba kiwanda cha namna ile ndani ya mwili wake. Lakini hiki, kikivunjika, hakina fundi wa kukitengeneza upya.

Kiwanda chenyewe ni bongo. Kutoka ku bongo inashuka kamba laini, nene kama kidole kidogo, ndani ya tundu la mifupa ya mugongo. Inaitwa ugwe wa mugongo. Humo zinatoka jozi 31 za neva, kwenda ku mikono, ku ngozi, ku matumbo, ku miguu. Neva zinapandisha habari (moto, baridi, maumivu) na kushusha amri: kamata, achilia, kimbia.

Ku darubini munganga anaona seli za namna mbili. Ya kwanza ni nuroni: ina matawi mafupi ya kupokea habari na mukia mumoja wa kuipeleka. Mukia unaotoka kiunoni mpaka kidole cha muguu unapita metre moja, na ni seli moja tu! Bongo ina nuroni karibu bilioni 86. Umeme wao ni kidogo sana, kama saba kwa mia ya volti moja. Ku mwisho wa mukia kuna nafasi ndogo; seli inatupa dawa yake pale ili kuamsha ile inayofuata. Pombe inaharibu kazi pale pale, ndiyo sababu mulevi anachelewa kuondoa mukono ku mashine.

Namna ya pili ni glia, watumishi wa nuroni. Wengine wanazilisha, wengine wanakula vijidudu na uchafu, wengine wanazungusha mafuta ku mukia, kama plastiki juu ya waya. Penye mafuta hayo habari inaweza kukimbia metre 100 kwa sekunde. Pasipo, karibu metre moja tu. Ukijigonga kidole kwa nyundo, unajua kwanza kwamba umejigonga, halafu maumivu ya kuunguza yanafika nyuma.

Neva ya mukono ikikatika inaweza kuota tena, karibu milimita moja kwa siku. Ugwe wa mugongo hauoti hivyo.

Kwa hiyo jiwe likimwangukia mwenzako, au mutoto akianguka kutoka ku mwembe, usimuvute mikono, usimukalishe, usimupandishe nyuma ya kinga. Mufupa unaweza kuvunjika na ugwe ukabaki muzima. Mara nyingine ni sisi wasaidizi tunaoumaliza. Mwache alale alipo, isipokuwa mawe yanaendelea kuanguka au moshi unakuja. Mumoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine amukimbilie kapita na machela. Muulize kama anasikia miguu yake, kama anaweza kusogeza vidole. Akitaka kutapika, mugeuzeni watu wane kwa mara moja, kichwa na mabega na kiuno na miguu pamoja, kama gogo. Ku lupitalo mwambieni munganga saa aliyoanguka, na kama miguu ilisogea kwanza halafu ikaacha.