Dumu la Binti wa Mbagala

Maji ya Dar es Salaam, wajukuu zangu, huanza safari mbali. Yanateremka kutoka milima ya Uluguru kule Morogoro, yanaingia mto Ruvu, na kabla mto haujaingia baharini, mitambo inayavuta: mmoja Ruvu Juu, upande wa Mlandizi, mwingine Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Yanasafishwa, yanatiwa dawa, yanasukumwa hadi kwenye matangi ya Kimara na Chuo Kikuu. Kutoka huko yanashuka mitaani, na yanayofika ni yaliyobaki tu, maana bomba hutoboka, na wapo wanaolitoboa makusudi.

Sasa mfikirieni binti wa Mbagala, hapo hapo jijini, mwaka 2003. Bomba halijafika kwao. Anasubiri mkokoteni wa madumu. Dumu moja ni lita 20, uzito wa maji yake kilo 20, na bei anapanga mwenye mkokoteni. Kiangazi kikikaza, bei inapanda. Tajiri wa Masaki mwenye bomba uani analipa bei ndogo zaidi kwa lita hizo hizo. Lishikeni hili, kwa sababu watu wazima wakibishana kama maji yatolewe na serikali au na mtu binafsi, huwa wanamsahau binti huyu. Yeye tayari alikuwa ananunua kwa mtu binafsi, kwa kuwa serikali haikumfikia. Na mwenye mkokoteni simlaumu: anasukuma madumu kumi juani ili wanawe wale.

Serikali ilikuwa imeahidi. Mwaka 1971 ilianza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Ahadi ile naipenda hadi leo. Lakini pampu inakula dizeli na vipuri vinanunuliwa. Fedha zilipopungua, mabomba yakakauka, vijijini hata jijini.

Ndipo wakopeshaji, Benki ya Dunia mbele yao, wakasema: mji huu tutaukopesha, ila maji yaendeshwe na kampuni. Mkopo wenyewe ulizidi dola milioni 140. Kampuni ikaitwa City Water. Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani zilishika asilimia 51, na Superdoll ya hapa nyumbani 49. Mkataba ulikuwa wa miaka 10.

Mnaijua daladala? Mwenye gari anampa dereva, dereva anakusanya nauli, jioni anapeleka hesabu. Ndivyo ilivyokuwa. DAWASA, chombo cha serikali, kilibaki mwenye mabomba. City Water ilikuwa dereva, bili zetu ndizo nauli. Basi jiulizeni: dereva mwenye hesabu ya kupeleka atapita barabara gani? Ile yenye abiria wengi wenye fedha, au ile ya mashimo inayokwenda kwa binti yetu?

Na hata kwenye barabara nzuri nauli haikutosha. Makusanyo hayakufikia yaliyotarajiwa, hesabu ikachelewa, ugomvi ukaanza. Mei 2005 Edward Lowassa, waziri wa maji wakati huo, akatangaza kwamba mkataba umevunjwa. Wiki chache baadaye wakubwa wa kampuni wakaondolewa nchini, na chombo kipya cha serikali, DAWASCO, kikashika usukani.

Kesi zikaenda mbali. Waamuzi wa kwanza waliipa DAWASA haki na kuiamuru City Water ilipe fidia. Wengine, mwaka 2008, walisema serikali ilikosea kwa namna ilivyomshusha dereva garini, lakini hawakumpa dereva hata senti, kwa kuwa biashara yake ilikuwa imekwisha kuharibika kabla ya kushushwa.

Mimi nasimama upande wa serikali katika jambo hili, na siwafichi. Mnunuzi wa viatu akichukia bei, atatembea peku hadi apate duka jingine. Kwenye maji hakuna peku. Anayeendesha kitu cha namna hiyo lazima awe mtu tunayeweza kumwita kwenye mkutano wa mtaa, tukamuuliza mbele ya watu, na kura tukamnyima. Lakini serikali isiyoulizwa nayo huacha mabomba yakauke. Tuliyaona.

Na binti wa Mbagala? Asubuhi DAWASCO ilipoanza kazi, alitoka na dumu lake, akasimama njiani kusubiri mkokoteni.